Maziwa Hayatemwi

Kila nyumba ina sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna anayethubutu kuivunja. Kwetu nilikozaliwa ilikuwa kutokanyaga sakafu iliyopigwa deki mpaka ikauke. Nyumba nilikoolewa, sheria ni hii: maziwa hayatemwi. Yakishaingia mdomoni yanamezwa. Yawe ya moto, yawe yamechacha, yawe na harufu ya ndoo, unameza na kunyamaza. Mama mkwe wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Maziwa, aliniambia hivyo siku chache baada ya harusi, aliponiona nakimbilia karo na mashavu yamejaa. Maana Mungu naye ana utani wake: mimi maziwa siyapendi, na nimeolewa kwenye duka la maziwa.

Lakini habari hii si yangu. Ni ya wifi yangu, dada wa mume wangu, tunayemwita Ulimi.

Jina hilo alipewa na wafugaji. Wao huleta maziwa alfajiri na tena alasiri, na kila mtungi ukiingia chumba cha nyuma lazima upite kwake kabla haujamiminwa kwenye sufuria kubwa. Chumba chenyewe kina sakafu ya saruji yenye mteremko, meza ya bati, na jiko la gesi la jicho moja lenye kisufuria kilichoungua kitako. Ulimi anafungua mfuniko, ananusa, anachota kidogo, anachemsha kwenye kile kisufuria, anapoza, anaonja. Halafu anatazama dari kama mtu anayekumbuka deni la zamani, anameza, na kutoa hukumu: "Pokea," au "Rudisha." Kifaa cha kupimia tunacho, kile cha kioo kinachoelea. Lakini kifaa hakiwezi kukwambia kwamba ng'ombe amekula vitunguu vya jirani. Ulimi anaweza, na mara nyingine anakwambia na jirani ni yupi.

Sasa, mtu huyu mwenye ulimi wa dhahabu alikuwa na uso uliomtesa. Chunusi. Sisemi zile mbili tatu za kuja na kuondoka. Zilimwanza akiwa shule, na wote wakasema zitaisha akikua. Akakua, na zenyewe zikakua naye. Zilijaa mashavuni na kwenye taya, nyingine ngumu zilizojificha ndani ya ngozi, zinauma hata akilalia mto. Nilipokuja mimi alikuwa ameshapaka kila kitu kinachopakika. Mama yake, kwa mapenzi yote, alikuwa akimsugua siagi kila usiku. Siagi, jamani! Msichana analala anang'aa kama sahani ya karamu, anaamka na tatu mpya.

Mbele ya duka kuna dirisha, na nyuma ya dirisha kuna kiti kirefu. Hapo ndipo Mama Maziwa alipokaa miaka yote, kipimo mkononi, akiwapimia watu na kuwauliza habari za watoto wao. Ulimi alikitaka kile kiti. Hakuficha. "Wifi," aliniambia siku moja tukisugua mitungi, "huku nyuma napenda, lakini pale ndipo duka lilipo. Nataka kukaa pale." Na kweli alikuwa na kipaji. Zamani alikuwa akimsaidia mama yake pale mbele, na wateja waliondoka wanacheka.

Mpaka siku moja alipokuja mama mmoja wa mtaa wa juu, yule anayetembea na mwavuli mvua isinyeshe. Mama Mwavuli si mtu mbaya, ila mdomo wake hauna mlango. Aliweka chupa yake dirishani, akamtazama Ulimi, akauliza kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni, "Binti, hayo ni maziwa haya haya yamekufanya hivyo?"

Watu wengine walicheka. Wengine walitazama chupa zao, na hao ndio walioumiza zaidi. Ulimi alimpimia maziwa yake, akamrudishia chupa, akaenda nyuma. Toka siku hiyo hakusogelea dirisha. Alijifunga kitambaa mpaka chini ya macho, akisema ni kwa ajili ya usafi. Mimi nilitaka kutoka nikamvunjie yule mama ule mwavuli wake. Mume wangu akanishika.

Basi mambo yakakaa hivyo, mpaka magoti ya Mama Maziwa yalipostaafu kabla ya mwenyewe. Kupanda kile kiti kukawa shughuli ya watu wawili. Akaamua ukuta ubomolewe, dirisha lipanuliwe, liwekwe kioo na taa, na siku dirisha jipya litakapofunguliwa, kiti kiwe na mtu mpya. "Nitamwachia anayeweza kutazamana na watu," alisema mezani. "Kama si binti, basi ni kaka yake."

Kaka yake ndiye mume wangu. Nampenda, na kwa kuwa nampenda nitasema ukweli: tunamwita Redio. Anaongea toka anapoamka mpaka anapozimwa. Watu wanampenda, lakini mwekee maji ya chokaa kwenye kikombe, atakwambia maziwa ya leo ni mazito. Kumpa yeye duka ilikuwa kumpa kipofu kazi ya kuchagua rangi. Yeye mwenyewe alijua. "Mimi sitaki kiti cha dada yangu," aliniambia chumbani, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema sentensi moja na kuishia hapo.

Nikaona nikikaa kimya tutapotea wote. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na huyu alikuwa akificha maradhi yaliyo usoni. Nikamshika mkono mpaka kliniki, kwa daktari wa ngozi.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Akamvua Ulimi kitambaa taratibu, akamgeuza kwenye mwanga, akambonyeza hapa na pale bila kukunja uso. Akamuuliza dawa nyingine anazotumia, kama ana mimba, kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru, nami nikaitaja siagi. Halafu akasema, "Hizi zimeingia ndani, mwanangu. Ya kupaka peke yake haitoshi. Nitakupa ya kupaka, na antibiotiki za kumeza. Kapsuli asubuhi na jioni, tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji, na usilale papo hapo. Jua likiwa kali jifunike. Siagi, mpeni mkate."

Ulimi akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka siku nyingi.

"Na jambo la mwisho," daktari akasema. "Usimeze pamoja na maziwa. Maziwa yanaikamata dawa tumboni, haiingii mwilini. Na usitegemee maajabu kesho. Dawa hii haina haraka. Ikishafanya kazi tunaiacha, huli antibiotiki maisha yote, unabaki na ya kupaka."

Kibarua kilikuwa kumpelekea Mama Maziwa taarifa hiyo. Aliweka kikombe chini.

"Maziwa yangu?"

"Si yako tu, Mama," nikasema. "Maziwa yote."

"Yaliyomlea huyu? Yaliyomsomesha? Leo ndiyo yanakamata dawa kama polisi?"

"Ndivyo alivyosema daktari."

Akanitazama kwa jicho la pembeni, jicho ambalo wakwe wote duniani wamejaliwa. Machoni pake, mimi ndiye niliyekuja nyumbani kwake nikiogopa maziwa, na sasa nimemtafuta daktari wa kuniunga mkono. Alinuna. Akawa ananiita "binti wa watu".

Lakini Ulimi alikuwa amekula kiapo. Aliacha chai ya maziwa akanywa ya rangi, jambo ambalo katika nyumba ile ni kama kuvaa nguo za msiba. Na ili asisahau kapsuli, alizifunga na kazi: akisikia mtungi wa kwanza umegonga sakafu alfajiri, anameza na glasi ya maji. Alasiri vile vile, mtungi ukigonga, anameza. Hakukosa hata mara moja. Nilimsifu kwa kila mtu aliyetaka kusikia na kwa wachache wasiotaka.

Wiki zikapita. Uso ukabaki pale pale. Ile ya kupaka ilikausha kidogo juu juu, lakini zile za ndani zilikaa kama wapangaji wasiojua kuhama.

Tukarudi kliniki. Daktari akashangaa. "Unameza nilivyokwambia?"

"Ndiyo, daktari."

"Kwa maji?"

"Glasi nzima."

"Na maziwa?"

"Hata kwenye chai, daktari. Nimeacha."

Na hakuwa anadanganya, naapa. Mimi mwenyewe nilitikisa kichwa kukubali. Daktari akasema tusubiri kidogo tena, isipobadilika atatafuta njia nyingine.

Tulipofika nyumbani, fundi alikuwa amesimama mbele ya ukuta uliobomolewa nusu, anautazama kama anausomea. Mama Maziwa alikuwa kitini. Ulimi akapita nyuma ya mama yake, akasema kwa sauti ya chini, "Mpe kaka kiti." Akaendelea kwenda. Hakulia, ndiyo maana niliumia mimi kwa niaba yake. Mama Maziwa alimwaga nusu kipimo nje ya chupa ya mteja, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya.

Kesho yake alfajiri niliamka nikaenda chumba cha nyuma kufagia. Kwa kawaida sikanyagi mle maziwa yakipokelewa, ile harufu ya maziwa ya moto hunifukuza. Lakini siku ile sikutaka wifi awe peke yake. Mtungi wa kwanza ukagonga sakafu. Ulimi akatoa kapsuli, akameza, akanywa maji yote, akashusha glasi. Akafungua mfuniko, akanusa, akachemsha, akaonja. Akameza. "Pokea." Mtungi wa pili. Akaonja, akameza. Wa tatu, wa nne. Mimi, mtu ambaye tone moja linanitoa jasho, nilikuwa nayaona mafunda yote yakishuka kooni kwake, na kila moja nilikuwa kama nalimeza mimi. Ufagio ukanitoka mkononi.

"Wifi, unafanya nini?"

"Nafanya kazi."

"Hayo unayokunywa ni nini?"

"Sinywi. Naonja."

"Haya. Na ukishaonja yanakwenda wapi?"

Akasimama na kijiko mkononi. Akatazama kijiko. Akatazama ile mitungi iliyokuwa imepangwa mpaka mlangoni. Akanitazama mimi, macho yamemtoka, kile kitambaa kimeshuka kidevuni, halafu mabega yakaanza kumtikisika. Tulicheka mpaka tukashikana. Tulicheka mpaka mfugaji aliyekuwa zamu akakasirika, akadhani tunacheka maziwa yake. Yaani wiki zote hizo dawa ilikuwa inashuka tumboni, na nyuma yake unashuka mtungi mmoja baada ya mwingine kwenda kuikamata! Na hakuna hata mmoja katika nyumba ile aliyeliona, kwa sababu kwao kuonja si kunywa, ni kama seremala kuvuta vumbi la mbao.

Mama Maziwa aliposikia, alinivutia kiti kwanza. Halafu akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ubinti wa watu ukaishia hapo.

Tukampigia daktari simu. Alicheka hadi miwani moja ikaanguka, tuliisikia. Akasema basi dawa imezwe saa moja kabla ya maziwa au saa mbili baada yake. Tukakaa mezani kutafuta hiyo nafasi. Alfajiri mitungi, na wa kwanza ndio unaomwamsha. Asubuhi wale wafugaji wa mbali wanaochelewa. Mchana mtindi, ambao lazima uonjwe kabla ya kuwekwa kwenye vikombe. Alasiri mitungi tena, mpaka giza. Usiku amechoka, anameza na kuanguka kitandani, na daktari ameshakataza. Nafasi haikuonekana.

"Basi mtu mwingine aonje," daktari alikuwa amesema.

Mama yuko mbele na wateja, basi Redio akajitolea. Alivaa aproni akasimama mbele ya jiko kama bwana harusi. Mtungi wa kwanza: "Mtamu!" Wa pili: "Mtamu sana!" Wa tatu akafanya kutazama dari, kama alivyomwona dada yake, akasema, "Huu nao." Wafugaji walimpenda mno. Haikuchukua siku nyingi, mtungi mmoja uliochacha ukapita mbele ya ulimi wake akiwa katikati ya hadithi, kisufuria amekisahau, ukamiminwa kwenye sufuria kubwa pamoja na mingine yote. Yalipochemka yakakatika. Sufuria nzima, mabonge yanaelea kwenye maji ya kijani. Mchuma janga hula na wa kwao: siku ile wateja walirudi na chupa tupu, na sisi tulishinda tunasugua. Mume wangu alinyamaza mpaka jioni. Nilimpima joto.

Ulimi hakungoja kuombwa. Alifunga aproni yake, akaenda kukaa kwenye jiko lake, na sote tukajua amechagua duka badala ya uso.

Alfajiri iliyofuata tukasikia mlango wa ndani unafunguliwa polepole. Mama Maziwa alikuwa anakuja, magoti yanamlia, mkono mmoja ukutani na mwingine umebeba ndoo ya bluu, tupu. Akaiweka sakafuni karibu na miguu ya binti yake. Ulimi alikuwa ameshameza dawa, na sasa alikuwa na funda la kwanza mdomoni.

"Tema," akasema Mama Maziwa.

Ulimi akatikisa kichwa, mashavu yamejaa.

"Nimesema tema. Sheria niliiweka mimi, naiondoa mimi."

Hakuweza. Toka anajua kushika kikombe alikuwa ameambiwa kinyume chake. Alisimama pale machozi yanamlengalenga, hawezi kumeza na hawezi kutema. Mfugaji alikuwa mlangoni, Redio nyuma yake, mimi na ufagio wangu. Ndipo Mama Maziwa akachukua kijiko mkononi mwa binti yake. Akachota kwenye kisufuria, akajaza mdomo. Mwanamke ambaye kwa hiari yake hakuwahi kupoteza tone, aliyekuwa akikwangua ukoko wa sufuria na kuula akiwa amesimama. Akainama mpaka magoti yakalia, akatema kwenye ndoo.

"Umeona?" akasema, akijifuta kwa upindo wa nguo. "Haikuua. Maziwa yapo kesho. Uso wako ni huu mmoja."

Ulimi akatema.

"Haya, sukutua kwa maji. Halafu uniambie huo mtungi vipi."

"Pokea," akasema Ulimi. Sikujua nicheke au nilie. Nilifanya yote mawili, na Redio naye, na mfugaji naye, ingawa yeye sidhani kama alijua kwa nini.

Toka siku hiyo ndoo ya bluu ikawa na kazi, na paka mmoja wa mtaa akaiona bahati yake. Alifika kila alfajiri na kila alasiri, akawa mnene kuliko mwenye nyumba.

Na uso? Mwanzoni nilidhani macho yangu yananipendelea. Zile za kwenye taya zikapungua makali, halafu zikawa bapa. Mpya zikawa zinakuja moja moja, kwa aibu. Siku moja Ulimi akaniita chumbani, akalala ubavu, shavu kwenye mto, akasema, "Wifi, hauumi." Akageukia upande wa pili. "Na huku hauumi." Tukarukaruka pale kama watoto, mpaka Mama Maziwa akapiga ukuta kuuliza kama nyumba inabomolewa na upande wa ndani.

Tulichoomba sasa kilikuwa ni muda, na hapo fundi akatusaidia bila kujua. Kila siku alisema kesho. Kioo kimechelewa, kesho. Saruji haijashika, kesho. Miaka yote nimewalaani mafundi, lakini kwa mara ya kwanza duniani uongo wa fundi ulitufaa. Alipomaliza, daktari alikuwa ameshamgeuza Ulimi kwenye mwanga mara ya mwisho, akatabasamu. Alama zilikuwepo, zingechukua muda kufifia, lakini ngozi ilikuwa imetulia. "Kapsuli basi," akasema. "Ya kupaka endelea nayo. Na mimi niletee mtindi."

Siku ya kufungua dirisha jipya ikafika. Alfajiri, mtungi wa kwanza ukagonga. Ulimi akaonja, akainama kwenye ndoo kwa mazoea. Mama Maziwa akaisukuma ndoo pembeni kwa mguu.

"Meza."

Ulimi akameza, amefumba macho. Paka akatutazama kwa chuki.

Kisha mama mkwe akachukua kipimo, kile cha mpini mrefu kilichoisha ukingo kwa kutumika, akamkabidhi. Mitungi mingine, akasema, ataonja yeye, huku nyuma kuna kiti kifupi. Ulimi akaenda kunawa uso, na mimi nikamfuata na taulo. Ndipo nikaiona. Katikati ya kidevu, nyekundu, imeamka asubuhi ile ile kama iliyoalikwa. Yeye naye aliiona kwenye kioo. Mkono wake ukaenda kwenye msumari unaotundikiwa kile kitambaa.

Akaichukua taulo kwangu, akajifuta, akakiacha kitambaa kwenye msumari.

Nje foleni ilikuwa imefika kwenye kona. Taa mpya ilikuwa inawaka, kioo kinameta, fundi amesimama kando anapokea sifa ambazo hakustahili. Ulimi akapanda kiti kirefu, uso wazi. Na wa kwanza kabisa kwenye foleni, mwavuli umefungwa kwapani, alikuwa ni yeye. Akaweka chupa yake. Akainua macho. Nikaona mdomo unafunguka, na mimi nikaanza kutafuta kitu cha kurusha.

"Binti," akasema Mama Mwavuli, kwa sauti ile ile, "una chunusi kidevuni."

"Ninayo," akasema Ulimi, akichovya kipimo. "Nikupimie lita ngapi?"